UZI: Kushusha gari ukiwa Mtwara au Lindi, koilova za kurekebisha au springi fupi za kimo kimoja?

Mikindani Kwetu:

Wakuu, habari za jioni.

Mada ya kushusha gari inarudi humu kila mara, na kila mara inaishia kwenye picha za magari ya Dar na Japan. Leo naomba tuijadili kwa barabara zetu sisi: Mtwara mjini, Mikindani, Mingoyo, Lindi, Masasi, na kule juu Tandahimba na Newala. Kazi ya miguu ya magari madogo naipenda na nimeifanya miaka mingi, kwa magari yangu na ya jamaa zangu. Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka asihangaike kusoma hadi mwisho: gari la kila siku linaloishi Mtwara au Lindi, lishushe kidogo tu, milimita 25 hadi 30, kwa springi fupi za kiwandani (yaani zilizotengenezwa fupi kiwandani, si zile zilizokuja na gari wala za kukatwa mtaani) zilizolingana na shokapu zake. Koilova, yaani seti ya shokapu na springi yenye pete ya kurekebisha kimo cha gari, zina watu wake, nitawataja, ila ni wachache kuliko wanaozinunua.

Sasa sababu. Shokapu ina fimbo inayoingia na kutoka. Gari likiwa limesimama, fimbo imeshaingia kiasi na imebakiza nafasi ya kuingia zaidi tairi likikutana na tuta. Mwisho wa nafasi hiyo kuna raba, ile nyeusi au ya njano inayovishwa kwenye fimbo. Tuseme gari lako lina milimita 70 kabla fimbo haijafika kwenye raba. Ukilishusha milimita 50 bila kugusa kitu kingine, umebaki na 20. Hizo 20 zinaisha kwenye kishimo cha kawaida tu, na kuanzia hapo springi haina kazi tena, pigo lote linapokelewa na raba, mauntingi (kile kishikio cha juu cha shokapu) na bodi. Mtu anashuka kwenye gari analalamika kwamba springi mpya ni ngumu, kumbe springi wala haipati nafasi ya kukunjika. Anasafiri juu ya raba.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya "za kurekebisha au za kimo kimoja" ni hili: ukishashusha, shokapu yako imebaki na nafasi kiasi gani ya kufanya kazi? Hili unaweza kulipima mwenyewe. Chukua kamba ya plastiki, zile za kufungia nyaya, ifunge kwenye fimbo ya shokapu, isogeze mpaka iguse mdomo wa shokapu. Kisha endesha njia yako ya kawaida: toka Shangani, pita Chikongola, nenda Mikindani ukale matuta yote, urudi. Pale kamba iliposukumwa ndipo fimbo ilipofika. Kama imesukumwa mpaka kwenye raba na gari bado liko kwenye kimo cha kiwandani, basi hata hizo milimita 30 zifikirie mara mbili, au badilisha shokapu kwanza maana zilizopo huenda zimechoka.

Springi fupi ya kiwandani haijafupishwa tu. Imetengenezwa ngumu zaidi kidogo ili kufidia nafasi iliyopotea. Ugumu wa springi unapimwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya kilo 2.5 kwa milimita maana yake kila ukiiongezea kilo 2.5 inakunjika milimita moja. Pakia nyuma abiria watatu na mizigo ya kijijini, tuseme kila tairi la nyuma limeongezewa kilo 100: springi ya 2.5 inashuka milimita 40. Weka springi ya 4, uzito ule ule unaishusha milimita 25. Hesabu ni ndogo ila ndiyo inayoamua kama utafika Kitangali na ekzosti yako.

Kukata springi kwa grenda nako nitakusema, maana ndiko kunakofanyika zaidi mitaani. Ukikata koili moja kwenye springi yenye koili sita zinazofanya kazi, springi haiwi fupi tu, inakuwa ngumu pia, kwa sababu waya uliobaki ni mfupi. Ile ya 2.5 inakuwa 3. Kwa hiyo wanaosema springi iliyokatwa inakuwa laini wanakosea. Tatizo liko kwingine. Kwanza, hesabu haikupangwa na mtu: kimo kinashuka kwa kiasi kikubwa, ugumu unapanda kidogo, unaishia kwenye raba. Pili, mwisho wa springi nyingi umekunjwa au kusawazishwa ukae kwenye kikombe chake. Ukikata, mwisho mkali unakaa pembeni, unakula kikombe, na gari likinyanyuka kwenye jeki springi inacheza na inaweza kutoka mahali pake. Na wale wanaochoma springi kwa gesi ili ilale: hapo umeua chuma. Springi ni chuma kilichopikwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Moto wa gesi unaondoa ule ugumu wake sehemu moja tu, kushoto italala hivi na kulia vile, na itaendelea kulala siku hadi siku mpaka ikatike. Usikubali, hata fundi akikwambia ni bure.

Tuje kwenye koilova. Ziko za aina mbili na wauzaji wengi hawatofautishi. Aina ya kwanza, mwili wa shokapu una nyuzi na pete inayobeba springi. Ukiizungusha pete kushuka, springi inashuka na gari linashuka, lakini fimbo inaingia ndani zaidi, yaani unakula ile ile nafasi niliyoisema juu. Aina ya pili ina nyuzi za pete na pia kikombe cha chini kinachojifunga kwa nyuzi kwenye mwili wa shokapu. Hapo unashusha gari kwa kuingiza mwili kwenye kikombe, na nafasi ya fimbo inabaki ile ile. Hii ya pili ndiyo inayostahili kuitwa ya kurekebisha. Kama bajeti yako inakupeleka kwenye aina ya kwanza tu, na lengo lako ni kushusha sana, bora urudi kwenye springi fupi.

Halafu chumvi. Hili hulikuti kwenye video za Japan. Sisi tunaishi baharini. Pete nyingi ni za alumini, mwili wa shokapu ni chuma. Alumini na chuma vikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini inaliwa na kutoa ule unga mweupe, unajaa kwenye nyuzi, pete inakamata. Ukienda Msimbati mara kwa mara na kuendesha ufukweni, ukaongeza na mchanga laini, msimu mmoja wa mvua unatosha kuifanya isizunguke tena bila moto na nyundo. Umelipia kurekebisha, na huwezi kurekebisha.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu tofauti waseme, nataka uzi huu umsaidie mtu anayetaka kutoa hela.

---

Altezza Kusini:

Mkuu, heshima kwako, umeandika vizuri ila kwenye koilova umekaza sana. Mimi ninazo kwenye Altezza na sirudi nyuma. Sababu yangu kubwa ndiyo hiyo hiyo ya barabara zetu. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, naenda Tandahimba karibu kila wikiendi na gari linabeba. Napandisha nyuma. Msimu ukiisha nashusha. Springi fupi hainipi hilo, ikishafungwa ndiyo imefungwa. Isitoshe ukikosea kimo, springi fupi unaitoa yote na kununua nyingine. Koilova ni spana tu.

---

Mikindani Kwetu:

Kaka, wewe ndiye mtu wa koilova niliyemtaja: unazitumia kweli. Nikuulize mawili tu kwa faida ya wasomaji. Kila ukibadilisha kimo, unapima alaimenti, yaani mkao wa matairi? Na pete zako unazihudumiaje?

Nauliza la kwanza kwa sababu Altezza ina wishiboni mbili mbele na nyuma, yaani kila tairi limeshikwa na mkono wa juu na wa chini. Shokapu imeshika kwenye mkono wa chini, ndani kidogo ya tairi. Kwa hiyo pete ikishuka milimita 10, tairi linasogea zaidi ya 10. Na kila kimo kikibadilika, kemba (tairi kulala ndani au nje ukilitazama kwa mbele) na uelekeo wa matairi vinabadilika nacho. Tairi linaloelekea nje au ndani hata kidogo linaliwa haraka kuliko tairi lenye kemba tu. Mtu anayepandisha na kushusha bila kupima anajikuta ameokoa hela ya springi na kuipeleka kwenye matairi.

---

Altezza Kusini:

Swali zuri. Nina vimo viwili tu, nimeviweka alama ya rangi kwenye nyuzi. Alaimenti nilipima kwenye kile cha chini ambacho natembelea muda mwingi. Cha juu kiko karibu na cha kiwandani na matairi sijaona yakiliwa vibaya, ila ni kweli sijapima huko juu. Pete nazisugua kwa brashi ya waya laini na maji baridi kila nikirudi safari, nikiziacha zikauke napaka grisi nyepesi halafu navisha soksi ya mpira. Soksi yenyewe nimeikata kwenye tyubu ya baiskeli.

---

Fundi Miguu:

Wanangu, nimesoma yote. Niongeze ya gereji, maana naona mnazungumzia spea na kusahau ufungaji.

Gari likishushwa kwa njia yoyote, koilova au springi, bushi za mikono ndizo zinazoumia kwanza kama fundi hakujua kazi. Bushi ina raba iliyoshikana na bomba la chuma la ndani na la nje. Haizunguki kama beringi, inajinyonga. Fundi akikaza bolti za mkono gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia, bushi inafungwa kwenye mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari chini, raba imeshajinyonga kabla hata hujatoka getini, na kwa sababu gari sasa liko chini zaidi ya zamani, imejinyonga zaidi. Miezi michache inachanika. Mteja anasema kushusha gari kunaua bushi. Hapana, mkao wa kukazia ndio ulioua. Legeza bolti zote za bushi, teremsha gari kwa matairi yake, lisukume mbele na nyuma kidogo, litikise, kisha kaza likiwa limebeba uzito wake. Kama huwezi kuingia chini, liendeshe kwenye mbao nne zenye unene sawa au shimo la gereji. Hii hata usiposhusha gari, ukibadilisha bushi tu, ndivyo inavyotakiwa.

La pili, kupima kimo. Vijana wanapima kutoka ardhini hadi kwenye fenda. Hicho kipimo kinadanganya, upepo wa tairi ukipungua kinabadilika, tairi likiisha kinabadilika. Pima kutoka katikati ya habu, pale kofia ya rimu ilipo, kupanda wima mpaka ukingo wa fenda. Andika matairi yote manne kabla hujafungua nati hata moja. Andika tanki likiwa nusu na gari halina kitu. Ukimaliza kazi, endesha kidogo springi zilale, pima tena. Nimeona magari yanaletwa kwangu kushoto na kulia yanatofautiana na mwenyewe hajui.

La tatu, taa. Ukishusha nyuma zaidi ya mbele, pua inanyanyuka na taa zinampiga machoni anayekuja. Usiku kati ya Mtwara na Mingoyo malori ni mengi, ya saruji na ya mizigo mingine. Rekebisha taa siku hiyo hiyo.

Na kibano cha springi. Mwenye kibano kilichochakaa nyuzi asikitumie. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu. Siongezi neno.

---

Lindi Mjini:

Fundi ubarikiwe. Hiyo ya bushi nilikuwa sijawahi kuisikia ikielezwa hivi.

Mimi nitazungumzia njia ya Dar, maana wengi tunaipita. Ukiwa na gari la chini, hatari haiko kwenye lami nzima, iko pale lami inapokatika ghafla. Mei 2024 kimbunga Hidaya na zile mvua zake kilipokata barabara kule Somanga na Matandu, magari yalipoanza kupita tena yalipita kwenye michepuko ya mawe na udongo. Gari la chini pale halina ujanja. Toyota nyingi za saluni zinatoka kiwandani na nafasi ya milimita 130 mpaka 160 hivi kutoka ardhini. Toa 50, pakia watu wanne, gari limebaki na nini? Sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, ndiyo ya kwanza kuguswa.

Kwa hiyo mimi naungana na mtoa mada. Milimita 30 mwisho. Na kama unaweza, weka sahani ya chuma chini ya sampu.

---

Kijana wa Majengo:

Wakuu shikamooni. Naomba kuuliza kitu, mimi bado najifunza. Nilikuwa nafikiri ukiikaza pete ya koilova kupanda, springi inabanwa na kuwa ngumu, na ukiilegeza inakuwa laini. Si ndivyo? Kuna jamaa aliniambia akitaka gari liwe laini analegeza pete.

---

Mikindani Kwetu:

Marahaba mdogo wangu. Jamaa yako hayuko peke yake, hiyo imeenea sana, ngoja tuiweke sawa.

Springi ya kilo 5 kwa milimita ni ya kilo 5 uikaze au uilegeze. Ugumu uko kwenye unene wa waya, upana wa koili na idadi yake. Pete haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Uzito wa gari juu ya tairi hilo nao haujabadilika, kwa hiyo gari likiwa chini springi imekunjika kiasi kile kile kabla na baada. Kilichobadilika ni kimo cha gari, na kwa zile koilova za pete tu, mahali fimbo ilipo ndani ya shokapu.

Kwa nini basi jamaa yako anahisi tofauti? Akilegeza pete gari linashuka, likishuka linakaribia raba, kwa hiyo kama ni kuhisi angehisi gumu zaidi kwenye mashimo. Akipandisha, anapata nafasi ya fimbo kuingia lakini anapoteza ile ya kutoka, tairi likiingia shimoni fimbo inafika mwisho wa kutoka na kugonga, "ta!". Kugonga huko ndiko watu wanakokuita ugumu. Na akilegeza kupita kiasi, gari likiwa kwenye jeki springi inacheza kwenye kikombe chake. Hiyo ni hatari, irudishe.

Kitu kinachobadilisha hisia ni ile nobu, kitufe cha kuzungusha kilicho juu ya fimbo, kama koilova zako zinayo. Ile inabadilisha njia ya mafuta ndani ya shokapu, yaani kasi ya fimbo kuingia na kutoka. Siyo springi. Ukienda kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo, ilegeze klik kadhaa, matairi yashike ardhi badala ya kurukaruka. Ukirudi lami, rudisha. Ila usiilegeze mpaka mwisho kwenye springi ngumu. Springi ngumu bila shokapu ya kuizuia inalirusha gari, na kwenye kona za kushuka uwanda wa Makonde hutaki gari linalorushwa.

Na kwenye mikunjo mirefu punguza mwendo. Shokapu yoyote, hata ya bei kubwa, mafuta yake yanapata joto kwa kazi ile ya haraka haraka, yanakuwa mepesi, na shokapu inaacha kushika mpaka ipoe.

---

Kijana wa Majengo:

Nimeelewa kaka, asante sana. Kumbe kimo na ugumu ni vitu viwili.

---

Binti Ligula:

Habari zenu kaka zangu. Mimi nina IST ya zamani, ile ya umbo la kwanza. Nimeweka rimu za 16 na kwa kweli linaonekana limenyanyuka kama limevaa viatu vya mtu mwingine. Nataka lishuke kidogo likae vizuri. Natembea nalo mjini, shule, sokoni, na mwisho wa mwezi naenda Masasi kwa mama na watoto nyuma. Nimeambiwa na muuzaji mmoja nichukue koilova zilizotumika, eti ni rahisi kuliko springi mpya na shokapu mpya. Nifanyeje?

---

Mikindani Kwetu:

Dada karibu. Kwa matumizi hayo, springi fupi na shokapu mpya. Nitakueleza kwa nini, hasa kwa IST.

Nyuma ya IST hakuna mikono mingi. Kuna eksel moja inayojinyonga, springi iko peke yake na shokapu iko peke yake. Koilova za gari la namna hiyo, nyuma unakuta springi na pete yake ya kurekebisha kimo mahali pamoja, na shokapu pembeni. Kwa hiyo ule uzuri wa kushusha gari bila kupoteza nafasi ya fimbo, nyuma unategemea shokapu hiyo imefupishwa au la. Zilizotumika hujui. Na alaimenti ya nyuma haina pa kurekebisha kirahisi, kwa hiyo ni vizuri usiende chini sana. Milimita 25 nyuma na 25 hadi 30 mbele zinakutosha. Mbele ni mguu wa MacPherson (springi na shokapu ziko pamoja), uelekeo wa matairi unarekebishwa kwenye tairodi, zile fimbo za stelingi.

Watoto nyuma na mizigo ya Masasi, rejea hesabu yangu ya juu. Unataka springi ya nyuma iwe ngumu kidogo kuliko ya kiwandani ila isiwe ya mashindano. Koilova nyingi za Japan zimepangwa kwa barabara za kule, utakuta springi imeandikwa 5 au 6 mpaka 8. Mtoto hatalala njiani.

Tahadhari moja kuhusu rimu. Ukishusha, hakikisha tairi haligusi fenda ya ndani ukikata kona na watu wamejaa. Jaza watu wako wanne, kunja stelingi mpaka mwisho pande zote, pita kwenye tuta dogo polepole, sikiliza.

---

Altezza Kusini:

Dada, mimi ndiye mtetezi wa koilova humu na kwa matumizi yako nakubaliana na mkuu. Usichukue zilizotumika bila mtu anayejua kuzikagua.

Ila kwa wanaume wenzangu mtakaoenda kutafuta zilizotumika Ilala, Dar, hivi ndivyo ninavyozikagua mimi. Nabeba spana ya pete mfukoni, ile yenye ndoana. Kila pete lazima izunguke mbele yangu. Pete iliyokamata, naiacha dukani. Nasoma namba kwenye springi zote nne: mbele mbili zifanane, nyuma mbili zifanane. Wauzaji huchanganya seti mbili zilizovunjika kuwa moja. Nafuta fimbo kwa kidole pale inapoingilia, kidole kikitoka na mafuta nazirudisha. Naangalia fimbo yenyewe kama ina mikwaruzo au vidoa vya kutu, maana kidoa kidogo kitakata sili, ile raba inayozuia mafuta, ndani ya safari chache. Nasukuma fimbo mpaka chini kwa uzito wangu na kusikiliza: iende bila kukwama na bila mahali patupu. Nazungusha nobu na kuhesabu klik pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa hauna klik, nobu imeshakufa.

Mauntingi za juu nazo, zungusha kwa mkono, zikilia mchanga ujue beringi imekwisha.

---

Fundi Miguu:

Kaka wa Altezza umesema kifundi kabisa. Niongeze moja: angalia mwisho wa chini wa mwili wa shokapu, zile nyuzi za ndani ya kikombe. Watu wanaangalia nyuzi za juu zinazoonekana na kusahau za chini. Huko ndiko maji ya chumvi yanakokaa, na kikombe kikishakamata huwezi kupandisha wala kushusha bila kukata.

Binti yangu wa Ligula, ukipata springi na shokapu, usikubali fundi akwambie shokapu za zamani bado nzima eti afunge springi mpya tu. Shokapu iliyotumika miaka na springi ya kiwandani haina nguvu ya kushika springi ngumu zaidi. Na nunua na zile raba za kwenye fimbo na kifuniko chake cha kuzuia vumbi, zile za zamani zitakuwa zimeshakatika vipande.

---

Lindi Mjini:

Swali kwa mtoa mada. Hujagusa mifuko ya hewa. Hiyo si ndiyo ya kurekebisha kweli kweli? Unabonyeza, gari linapanda.

---

Mikindani Kwetu:

Mkuu, ni kweli, na kwa mtu wa maonyesho ni kitu kizuri. Kwa huku sijaigusa kwa makusudi. Kuna kompresa, tanki, mabomba, valvu, na mifuko yenyewe ambayo ni raba. Mchanga ukiingia kati ya mfuko na chuma unasugua mpaka unatoboka. Ukitobokewa Nangurukuru usiku, gari limelala juu ya matairi na halisogei, na spea iko Dar. Springi ikikatika angalau unajikongoja. Akitokea mtu wa kusini anayeitumia kila siku na kuihudumia mwenyewe, nitamsoma kwa hamu sana.

---

Binti Ligula:

Nashukuruni sana. Nimeamua springi fupi, shokapu mpya za Kayaba za saizi ya kawaida. Je, shokapu za saizi ya kawaida zinafaa na springi fupi, au lazima nipate fupi?

---

Mikindani Kwetu:

Kwa milimita 25 hadi 30, za saizi ya kawaida zinafaa, na springi nyingi fupi za kiwandani zimepangwa zifanye kazi nazo. Kagua kitu kimoja kabla ya kukubali kazi: gari likiwa kwenye jeki na miguu inaning'inia, springi lazima ibaki imebanwa kidogo kwenye vikombe vyake, isizunguke kwa mkono. Ikizunguka, ni fupi mno kwa shokapu hiyo, mrudishie muuzaji. Ungetaka 50 ningekwambia tafuta shokapu fupi, lakini hutaki 50.

Fundi, kwa IST ya dada, bolti za eksel ya nyuma nazo zikazwe chini?

---

Fundi Miguu:

Ndiyo, zile mbili kubwa za mbele ya eksel, kushoto na kulia, pale inaposhikana na bodi. Zilegeze kabla ya kushusha gari, zikaze likiwa limesimama kwa matairi. Mbele, bolti za mkono wa chini vivyo hivyo. Nati ya katikati ya mauntingi ya juu hiyo kaza kabla, springi ikiwa bado kwenye kibano. Kisha lete kwenye mashine ya alaimenti baada ya kutembea siku chache, siyo siku hiyo hiyo, springi zinahitaji kukaa. Na binti yangu, mwambie fundi wako aandike vipimo vya habu hadi fenda kwenye karatasi, matairi manne, kabla na baada, akupe wewe ukae nayo kwenye gari.